Nyuzi Tatu za Zeze la Baba

Wageni wakija kuniuliza habari za vita vya Maji Maji, wanataka mikuki na mashujaa. Mimi nawaeleza habari za zeze, nao wanapiga miayo. Shauri yao. Vita vile vilinikuta msichana mdogo huku Mpitimbi, na ninachokikumbuka zaidi ni zeze lililoning'inia ukutani kwetu.

Lilikuwa la baba: kibuyu, mti na nyuzi tatu za utumbo wa mbuzi. Nyuzi alizitengeneza mwenyewe. Aliukwangua utumbo kwa kisu butu, akausokota ungali mbichi, akaufungia jiwe ili ukauke umenyooka. Kukaza alinifundisha mimi, ingawa shangazi alinung'unika kwamba zeze si kazi ya msichana. Baba alivumisha kooni sauti anayoitaka, nami nikazungusha kijiti cha kukazia mpaka uzi umjibu.

"Kiangazi legeza kidogo," aliniambia. "Utumbo ukikauka sana unakatika."

Jambo jingine sikuhitaji kufundishwa, maana kila mtu kwetu alilijua. Mpiga zeze akifa, nyuzi zake hulegezwa zote, na zeze lile halipigwi tena.

Vita vilipokwisha, askari wa Wajerumani walichoma maghala yetu, wakaswaga mbuzi wote, wakamchukua baba kubeba mizigo kwenda pwani. Masika mbili zikapita. Baadhi ya wenzake walirudi, wengine habari za vifo vyao zilifika, wakaliliwa. Wa kwetu hakuwa huku wala huko, na mama alikataa kumlilia. Kila asubuhi, kabla ya kwenda porini kuchimba ming'oko, mizizi iliyotuweka hai, alizigusa nyuzi kwa kidole. Akisikia zinalia, anaondoka. Akirudi anazigusa tena. Sisi tulikuwa mifupa mitupu, lakini zeze lilikuwa limekazwa.

Kiangazi cha pili kilikuwa kikali. Mchana mmoja, nikiwa peke yangu ndani, nilisikia uzi wa zeze ukikwaruza kwa kukauka, krr, krr. Nikaushika, mkavu kama jani la muhindi. Ukikatika, utumbo tutautoa wapi, na kijijini hakuna mbuzi hata mmoja? Nikaulegeza, si kidogo kama alivyosema baba, bali mpaka ukalala. Wa pili nao ukakwaruza, nikaulegeza. Wa tatu sikuungoja ukwaruze, na nikajiona nina akili sana.

Mama aliporudi alinyoosha kidole kama kawaida yake. Uzi haukutoa sauti. Akagusa wa pili, akagusa wa tatu. Kapu likamwanguka. Hakuniuliza kitu, alipiga yowe tu, na majirani wakajaa uani wakilia naye. Shangazi akagaagaa mavumbini akimwita kaka yake.

"Mau!" nilipiga kelele, nikimwita mama kwa Kingoni chetu. "Hakuna habari iliyokuja! Nimelegeza mimi, kwa sababu ya jua!"

Nilirudia mpaka sauti ikanikauka. Shangazi ndiye aliyenielewa kwanza, akainuka na kunizaba kofi.

"Kaza! Kaza upesi, mtoto wa balaa wewe!"

Nikanyoosha mkono kwenye kijiti. Mama akaushika.

"Acha, mwanangu," akasema. "Nimeshalia. Sina nguvu ya kuanza kungoja tena."

Kesho yake akanyoa nywele. Siku chache baadaye nilimwona anakula, analala, hata anaongea na majirani. Nilimchukia kwa hilo, ingawa leo, na umri huu, namwelewa.

Mimi niliendelea kuitazama njia ya pwani kila alasiri, kama zamani, lakini sasa kwa hofu. Ningemwambia nini baba, aingie ndani akute nyuzi zake zote zimelegea, na ajue kwamba aliyezilegeza ni yule aliyemfundisha kukaza? Nikaanza kumwomba Mungu asirudi. Nilimpenda kuliko mtu yeyote duniani, na niliomba hivyo kila siku.

Hakurudi.