Siku Pango la Bwejuu Lilipoziba Mdomo

Juzi fundi anayenichimbia msingi Chukwani alinipa kipande cha jiwe chenye kombe ndani yake, limeshikana na jiwe kama kokwa na embe. "Bi, bahari imefikaje huku juu?" akaniuliza. Nikacheka, kisha nikakaa juu ya rundo la mchanga, maana swali hilo nililisikia kwanza Bwejuu, kijijini kwetu pwani, nina miaka kumi, nikilelewa na bibi yangu.

Nyumba yetu ilisimama juu ya jiwe tupu. Ukitaka kupanda muhogo, watafuta kwanza ufa wenye udongo. Tukitembea pekupeku, na nyayo zetu zilijua wapi jiwe lina meno. Pwani wanawake wakiponda makumbi ya nazi yaliyozikwa mchangani miezi mingi, na harufu yake ile mbaya ikachanganyika na ya muhogo wa nazi jikoni. Kwangu mimi hiyo ndiyo harufu ya nyumbani.

Maji tukichota pangoni, nyuma ya kijiji. Unashuka vidato vya mawe, baridi inakupokea, popo juu ya kichwa, na chini kabisa kuna dimbwi la maji maangavu, yenye chumvi kwa mbali. Bahari ikijaa, nayo hupanda. Ikitoka hushuka, ingawa njia inayoyaunganisha na bahari hakuna aliyepata kuiona.

Mwalimu wetu wa jiografia, mtu wa mjini, alitupeleka huko akatuonyesha matumbawe ukutani. Alisema upande wetu huu wote ulikuwa chini ya bahari. Ardhi ikanyanyuka, maji yakarudi nyuma, mvua ikatoboa mapango. Tena akasema bara zima linapasuka polepole, hata chini ya bahari, ndiyo maana ardhi hutetemeka mara mojamoja. Nilipomhadithia bibi, alisonya. "Mwalimu wenu kasoma, lakini mie nimezaliwa juu ya jiwe hili na nshazeeka juu yake. Haliendi popote."

Mchana mmoja wa bamvua, bahari inapojaa kupita kawaida, nimetoka skuli, bibi kaniachia chungu cha muhogo motoni kaenda kuchota maji. Kifuniko kikaanza kucheza. Nikadhani ni mvuke, mpaka nikaona na kuta zinatoa vumbi. Kuku wakaruka. Tetemeko likapita kabla sijamaliza kupiga kelele, halafu kijiji kikanyamaza, na katika kile kimya nikakumbuka bibi yuko wapi.

Nilipofika mbio, mdomo wa pango ulikuwa umezibwa na mwamba mkubwa kama kitanda.

"Bibi!" Nikaita tena. "Bibi!"

"Naam!" Sauti ilitoka mbali, kama ya mtu aliye ndani ya mtungi.

Wanaume wakaja na mitaimbo. Mwamba haukujali. Bahari ilikuwa inajaa. "Maji yako magotini, na mguu hauniinui," bibi akasema, kwa utulivu uliowatisha wote. Mwalimu alifika akihema, akautazama mwamba, kisha akanigeukia mimi.

"Popo hutokea wapi wakati wa magharibi?"

Nilijua. Ni tundu katikati ya kichaka, tulilokatazwa kulichungulia, nasi tulilichungulia kila siku. Nikakimbia mbele, wao nyuma. Walipokuwa wanalipanua, mimi nililala kifudifudi nikizungumza na bibi ili asikae kimya.

"Muhogo umeuepua?"

"Sijauepua, bibi."

"Basi ushaungua huo."

Nikalia, nadhani kwa sababu ya muhogo. Jirani yetu akaleta kamba ya makumbi aliyoisokota mwenyewe, na mwalimu akateremka nayo. Maji yalikuwa yamemfika bibi kifuani walipompandisha, mguu umevunjika, kichwa wazi. Jirani akavua mtandio wake akamfunika. Bibi akamshika mwalimu mkono. "Mwanangu, Mungu akuzidishie. Jiwe limekwenda kweli."

Akaishi miaka mingi baadaye, akichechemea. Mwalimu alihamishwa mwaka wa pili. Sikumwona tena, wala sikumshukuru inavyostahiki, maana mtoto hajui kwamba watu huondoka.

Mwamba ulivunjwa, pango likafunguliwa, lakini tangu siku ile wanawake waliwekeana sharti: hashuki mtu peke yake. Mmoja hubaki juu akizungumza, na wa chini humjibu. Palepale juu ya vidato ndipo uchumba ulipopangwa, ugomvi ukaamuliwa, na mja mzito akajulikana kabla hajasema. Kisha mabomba yakaja, alhamdulillahi, yakawaondolea wanawake mzigo vichwani. Nilipokwenda mwaka jana nilikuta vichaka vimekiziba kinjia. Nikamuuliza binti mmoja pango liko wapi. Akasema amelisikia tu. Nyuma yake, kila ua una mfereji wake wa bomba, na kila mwanamke alikuwa anachota maji peke yake, hana wa kumsubiri.