Kwa nini siachi bastola yangu ya bei nafuu: yaliyotupata Riyadh

Wakuu, hamjambo humu ndani. Hii si stori ya kuambiwa, nilikuwepo mwenyewe.

Wiki jana klabu tunapopigia shabaha hapa Nairobi, jamaa mmoja alinicheka mbele ya watu. Ati bastola yangu ni ya bei ya chini, ya Mturuki. Brand siitaji, wanaoijua wanaijua.

Iko hivi. Miaka ile Wakenya tunapelekwa Saudia kwa wingi, mimi na rafiki yangu Mwadime, Mtaita, tulipata kazi Jeddah kwenye uwanja wa shabaha. Tulikuwa tunasafisha bastola za kukodisha na kuzijaribu asubuhi kabla wateja hawajafika.

Jeddah ni baharini. Chuma ukikiacha kikavu, kinashika kutu. Kwa hivyo tulizimwagia mafuta, tena si kidogo. Kafili mwenyewe, yule bosi aliyetudhamini kazini, ndiye alitufundisha.

Kisha akafungua uwanja mwingine Riyadh, upande wa Al-Sulay, akatuhamishia huko. "Yalla, kazi ni ile ile," akasema.

Vumbi la Riyadh, wakuu, msiniulize. Funga mlango, funga dirisha, bado utalitafuna kwenye wali.

Siku ya ufunguzi bosi alialika wageni wake wakubwa. Mwadime aliandaa zile bastola za bei kali, mimi nikaandaa za Mturuki, aina ile ile ya hii yangu. Mafuta yale yale.

Mgeni akapiga risasi moja, ya pili ikakwama. Akapewa bastola nyingine, nayo ikakwama. Vumbi na mafuta vilikuwa vimekorogeka humo ndani kama uji.

Nikampa ya Mturuki, na yenyewe imejaa uji huo huo. Ikamaliza magazini nzima bila shida.

Mnadhani bosi alishukuru? Wapi! Alimgeukia Mwadime. "Umeniaibisha. Halas, basi, unarudi kwenu."

"Bosi, si wewe ulitufundisha hivi Jeddah?" Mwadime akamuuliza.

Nikaingilia, "Bosi, ni kweli, tumefuata maagizo yako."

"Mafi kalam!" Yaani hataki maneno.

Jamani! Mtu ana watoto shuleni, mama yake anaumwa, anafukuzwa kwa kufanya alivyofundishwa! Nilimsindikiza airport na begi lake moja.

Sasa sikieni hii. Baadaye bosi huyo huyo aliagiza za Mturuki tupu, Riyadh na Jeddah, akawa anawatambia wageni kwamba ni chaguo lake. Mwadime hakupigiwa hata simu.

Nilichojifunza ni kwamba bastola ya kuaminika ni ile inayovumilia ukikosea. Ndiyo maana hii siiachi, acheni watu wacheke.

Haya, wenye za bei kali njooni mniponde. Lakini kama kuna mwingine humu alifukuzwa kwa kutii bosi wake, naomba aanze yeye kuongea.