Mtihani wa Shemeji Niliufanya Mimi

Mtihani ule niliufanya mimi. Naanza na hilo kabla sijaingiwa na woga nikafuta kila kitu.

Mimi ni mwanamke, nafundisha udereva hapa Tanga mjini. Chuoni kwetu tuliletewa mashine ya mazoezi: kiti, usukani, breki, na skrini kubwa inayokuonyesha barabara. Ndani yake mna akili mnemba. Inakutazama unavyoendesha, inakuletea mitego ya barabarani, kisha inakwambia udhaifu wako. Usipofaulu hapo, chuo hakikupeleki kwa trafiki kujaribiwa leseni.

Shemeji yangu, mume wa dada aliyenilea, alikuwa amepata kazi ya kuendesha lori la machungwa kule Maramba. Ilibaki leseni tu. Lakini kila akikaa kwenye mashine, anagonga. Mbuzi akitokea kushoto, anagonga. Mtoto akitokea kushoto, anagonga. Mwisho mashine ikamwambia kwa Kiswahili safi: "Upande wa kushoto huoni vizuri. Kapime macho kabla ya kuendelea."

Shemeji akacheka kwa hasira. "Mchezo wa watoto huu ndio uniambie habari za macho yangu?"

Jioni dada akanipigia. "Lile lori watampa mtu mwingine. Na wewe upo hapo hapo, unashindwa hata kumshika mkono shemejio?"

Ijumaa, wenzangu walipokwenda msikitini, nikafungua mashine kwa jina lake, nikakaa mimi. Niliendesha vizuri mno. Shemeji alikuwa kasimama nyuma yangu.

"Ahsante, shemeji."

Habari ya macho sikuitaja tena, wala yeye hakuitaja.

Alipata leseni, akapewa lori. Msimu wa machungwa ulikuwa haujaisha. Alimgonga binti wa shule aliyekuwa akitembea kando ya barabara, upande wa kushoto, mchana kweupe. Binti wa watu akakatwa mguu.

"Wallahi sikumwona," shemeji aliwaambia polisi. Na mahakamani akasema hivyo hivyo. Watu wakaguna: muongo huyu, alikuwa anachezea simu. Mimi nimekaa benchi la nyuma, najua anasema kweli. Sikusimama. Naye hakunitaja. Akafungwa.

Chuoni mkuu wetu akatuita. "Mashine hii ndiyo iliyosema yule mtu anafaa?" Akanigeukia, maana mimi ndiye msimamizi wa mashine hiyo. "Unasemaje?"

"Haiaminiki, bosi," nikajibu.

Sasa iko stoo, imefunikwa turubai. Wanafunzi nawapitisha kwa kukisia. Pengine yumo mwingine asiyeona, na wa kumwambia hayupo.

Linaloniua zaidi ni dada. Kila nikimpelekea mchele na mafuta, hunishika mikono yote miwili. "Mungu akulipe, mdogo wangu. Wewe ndiye pekee hukututupa." Nami naitikia amina. Amina gani ile, jamani?

Wewe unayesoma, kama mtu wako ameambiwa bado hafai, iwe na mashine, iwe na mwalimu, usimfichie. Atakununia, na ndugu watakusema. Waache waseme. Kununiwa kuna mwisho. Hili langu silioni mwisho wake, na mpaka leo sijapata ujasiri wa kumwambia dada haya niliyowaambia nyinyi nisiowajua.