Mstari wa Kwanza wa Profesa

Mtaa mzima unamwita mume wangu Profesa, na si kwa heshima. Ni fundi redio wa kibanda cha mabati, lakini hashiki chuma cha kuchomea mpaka saketi aijaribu kwanza ndani ya kompyuta. Usidhani ni kompyuta ya picha na rangi! Ni skrini nyeusi tupu. Anaandika kifaa kimoja kila mstari, kinatoka wapi na kinaenda wapi, anabonyeza, nayo inamjibu kwa namba. Wateja wanaambiwa warudi wiki ijayo, redio yao bado inafikiriwa.

Basi Jumanne mashine ya oksijeni ya mama mkwe ikaungua sehemu inayoipa umeme bodi yake ya ndani. Zahanati ikatuazima nyingine, tuirudishe Ijumaa saa sita. Yetu isipopona kufikia hapo, mama alazwe wodini.

"Mkinipeleka kule, wanangu, sirudi," mama akasema.

Profesa akapata vipuri vya kutosha jaribio moja tu.

"Hii si redio," akaniambia. "Nikiviunguza vipuri hivi, nimempoteza mama."

Hapo nilimwelewa. Akaandika mistari yake, akabonyeza. Jibu likaja: sifuri.

"Umeme umeuweka?" nikauliza.

Akacheka kwa huruma. "Mke wangu, umeme ndio mstari wa kwanza. Wewe endelea na vitunguu."

Nikaendelea na vitunguu. Miaka kumi na minne ya ndoa, nimeshazoea.

Jumatano akabadilisha rezista zote humo kwenye skrini. Sifuri. Alhamisi akailaumu kapasita, akakilaumu kiwanda cha kapasita, akalaumu na joto. Sifuri. Chakula hagusi. Mama akaita kutoka chumbani kuuliza imefikia wapi, na mtaalamu wetu wa namba akamjibu, "Karibu inapona, mama." Nikamwonea huruma licha ya hasira zangu.

Ijumaa saa tatu asubuhi nikampelekea chai, nikasimama nyuma yake nikasoma skrini. Ndiyo, kusoma najua, ingawa hajawahi kuuliza. Juu kabisa kompyuta ilikuwa imeandika jina la saketi, na jina lenyewe lilikuwa ule mstari wake wa umeme.

"Profesa, mbona saketi yako inaitwa volti ishirini na nne?"

Akatoa macho. Kumbe programu ile huuchukua mstari wa kwanza kuwa kichwa tu, haiuhesabu kabisa. Siku zote yeye huanza kwa kuandika tarehe. Safari hii, kwa haraka ya mama, akaanza na umeme moja kwa moja. Siku tatu bwana mkubwa anapima saketi isiyo na umeme, halafu anashangaa haina umeme!

Akaongeza mstari mmoja juu, akabonyeza. Volti tano kamili, zile zile bodi inazotaka. Akachukua chuma cha kuchomea, na saa tano na nusu mashine ya mama ikanguruma. Mama akavuta pumzi ndefu, akatabasamu. Mimi, pamoja na ulimi wangu huu, nikalia mlangoni mbele ya majirani.

Baadaye nikachungulia alichoandika pale juu. "Mke wangu aliuliza Jumanne."

Nikafuta machozi tena. Kisha nikakumbuka ni mstari gani ule. Kati ya mistari yote kumi na miwili, mume wangu kaniweka kwenye ule usiohesabiwa.