Naai Iliyochelewa Njiani

Kamene alikuwa na mdomo, na mtaa mzima wa Noonkopir ulijua. Alipiga taipu miaka kumi kwa wakili mmoja wa Kajiado, akachoka kutumwa chai, akaja hapa Kitengela kufungua saiba, duka la intaneti. Mwaka 2006 alinunua intaneti ya kasi maradufu, akabandika mlangoni: HAPA HATUNGOJI. Tangazo hilo ndilo lililomleta Mzee Kuntai.

Mwaka mzima mzee alikuwa amekataa kubariki ndoa ya mwanawe Leshan na msichana wa Kizungu huko Marekani. Sasa alikuwa amekubali shingo upande, maana Leshan aliapa kwamba bila baraka hakuna harusi Jumamosi. Na baraka za Kimaasai hazipokelewi kimya. Mzee akitamka neno, anayebarikiwa huitikia "Naai!", yaani amina, papo hapo.

Kamene akampigia Leshan simu kwa kompyuta, akafungua spika.

"Mungu akupe watoto," mzee akaanza.

Kimya.

"Akupe ng'ombe."

"Naai!" ikaja, peke yake, wala haikujulikana ni ya watoto au ya ng'ombe. Mzee akavimba. "Leshan! Ama hutaki baraka zangu?"

"Naai!"

Wateja wakaangua kicheko. Mzee akainuka, rungu mkononi. "Amenitukana mbele ya watu. Harusi imeisha."

Kamene akaingiwa na hofu kweli kweli, akamzibia njia. "Ngoja, Mzee! Hiyo Naai ilikuwa ya ng'ombe. Imechelewa tu."

"Si umeandika hapa hamngoji?"

Kamene akaona aibu, jambo ambalo halikumpata mara nyingi. "Mzee, ukipanua lango ya boma, ng'ombe wengi si wanatoka mara moja?"

"Ndiyo."

"Na soko ya ng'ombe ya Bissil inakuja karibu?"

"Wewe mama, uko na akili? Bissil iko pale pale."

"Basi mimi nilipanua lango. Nyimbo na picha zinaingia mingi kwa haraka. Lakini sauti yako lazima ipande mpaka setilaiti huko juu, ishuke Amerika, na ya Leshan irudi hivyo hivyo. Hiyo safari sikuipunguza. Nilijisifu bure."

Mzee akaketi, bado amenuna. Akaanza upya: neno moja, kisha anangoja, macho darini. Watoto, Naai. Ng'ombe, Naai. Mvua, Naai. Alipomaliza neno la mwisho, la mke na mume kuzeeka pamoja, akashika rungu lake aondoke.

"Kaa kidogo, Mzee," Kamene akasema. "Bado moja iko njiani."

Zikafika mbili. Ya kwanza ilikuwa ya sauti ya kike, ya mchumba mwenyewe, matamshi yamepinda vibaya, ila imesemwa kwa nguvu. Ya Leshan ikafuata nyuma yake.

Mzee akaliweka rungu chini.

"Huyo msichana hachelewi," akasema. "Mwambie aje nyumbani."