Kompyuta Ndani ya Sanduku la Shule

Mimi ni mtu wa ndani. Tulipomaliza sekondari, wenzangu wa kambi ya askari magereza, tulikolelewa, walitawanyika: wengine jeshini, wengine Kenya pamoja na malori. Mimi nilitawanyika kutoka chumba cha wazazi hadi chumba cha uani, palepale Jinja, nikaona safari hiyo imetosha.

Kaka yangu mkubwa hakuona hivyo. Alikuwa ametoka jeshini, akafungua duka la jumla Mbale, karibu na soko, na alitaka ndugu wa damu kwenye kaunta. Ndugu huyo angefungua mlango alfajiri, angegombana na wapagazi siku nzima, na msimu wa mahindi ukifika angepanda juu ya magunia ya lori kwenda na kurudi vijiji vya Busiu. Nikamwambia kaka kwamba mimi nitaishi kwa kupiga chapa nyumbani, kadi za harusi na barua za kuomba kazi, nikipata kompyuta. Alicheka mpaka akakohoa. Halafu, kwa kuwa moyo wake ni laini kuliko sauti yake, akanipa alichokuwa nacho, na sharti juu yake.

"Bwana mdogo, Pasaka mimi nakuja Jinja. Kama hiyo kitu inaandika, wewe kaa. Kama haiandiki, unapanda gari na mimi, unakuja dukani."

Alichonipa hakikutosha kununua kompyuta nzima. Kilitosha vipande. Bodi ilitoka kwenye ofisi moja ya Kampala iliyokuwa ikitupa mashine zake za zamani. Memori aliniletea dereva mmoja Mkenya, ameifunga ndani ya soksi, naomba Mungu ilikuwa safi. Skrini ilikuwa ndogo na ya manjano kama mgonjwa wa ini. Kasha la kuvitia vyote hivyo sikuwa na la kununulia, na hata ningekuwa nalo, chumba changu kilikuwa na kitanda, meza moja na mimi. Nikachungulia chini ya kitanda nikaona sanduku langu la bati la shule, lile dogo, jina langu bado liko juu kwa rangi nyeupe.

Nikampelekea fundi wa mabati. Nilimwambia atoboe tundu la feni kwenye mfuniko, kwa sababu kitu pekee nilichokumbuka katika masomo ya sayansi ni kwamba joto hupanda juu. Nilijivunia ujuzi huo wiki nzima.

Kuunga vipande ilikuwa homa. Niliambiwa mwili wa mtu una umeme unaoweza kuua bodi, basi nikawa naogopa mikono yangu mwenyewe. Nilifanya kazi nimesimama juu ya kipande cha godoro, nikigusa kila kitu kama mtu anayemvua nyoka shati. Siku ya kuwasha kwa mara ya kwanza nilisimama mlangoni, nikabonyeza swichi ya ukutani kwa mpini wa ufagio. Mama alikuwa akianika nguo, akaniuliza kama kuna popo. Feni ilikuwa inazunguka, na kwenye skrini ya manjano maandishi yalikuwa yanapanda.

Ilifanya kazi vizuri hadi Pasaka. Nasema vizuri, lakini mimi sikulala vizuri. Bwawa la umeme liko hapo hapo kwetu, na bado umeme wenyewe ulikuwa unakatika kana kwamba unatoka Misri.

Jumapili ya Pasaka, baada ya ibada, kaka akafika na mkewe. Shemeji ni Mkenya wa upande wa Malaba, Kiswahili chake kinateleza, na kwetu shemeji na shemeji hutaniana bila huruma. Aliliangalia sanduku juu ya meza, akalizunguka.

"Shemeji, hii ni kompyuta au jeneza la paka?"

"Ni yako, shemeji. Nimepima kimo chako."

Akanipiga kofi la bega, kisha akatoa zawadi kwenye mfuko. Kilikuwa kitambaa cha kufuma, kikubwa, cheupe, katikati kuna tausi wa rangi nyekundu. Alikuwa akikifuma tangu aliposikia kwamba kuna kompyuta inakuja nyumbani. Katika nyumba zetu zote, redio haikai uchi, wala televisheni, wala hata jagi la maji. Alikitandaza juu ya sanduku, akanyoosha pembe, tausi akakaa katikati kabisa. Mama akashika mdomo kwa furaha. Hata mimi nilisema ni kizuri, na kilikuwa kizuri.

Kaka akaketi kitandani na karatasi. Walitaka kumbatiza mtoto wao wa mwisho, basi niandike kadi ya mwaliko. Nikaanza. Nilikuwa nimefika kwenye jina la kanisa, skrini ikaganda. Nikabonyeza hiki na kile. Ikazima.

Nikasema ni umeme. Kaka akatazama taa, taa ilikuwa inawaka. Nikawasha tena, nikaandika kwa haraka ya mwizi, ikazima kabla sijafika hata kwa jina la kanisa. Nilishuku bodi, nilishuku memori, nilishuku soksi.

Kaka hakunicheka. Hilo ndilo lililonitisha. Alikunja karatasi yake polepole, akasema kwa upole, "Usiogope, bwana mdogo. Pale Mbale kuna chumba nyuma ya duka. Nimeshapaka rangi."

Niliweka kiganja juu ya sanduku kujishikiza, nikakitoa upesi. Tausi alikuwa wa moto kama pasi. Ameketi juu ya tundu la feni, amelifunika lote.

Sasa hapo ndipo nilipokwama. Kuondoa kitambaa mbele ya aliyekifuma, siku ileile, mama yako anatazama, ni sawa na kutema chakula cha mgeni. Nikamwomba shemeji chai. Alipotoka na mama kwenda jikoni, nikavuta kitambaa, nikaiacha mashine ipumue, nikawasha, nikaandika. Iliandika! Jina la kanisa likapita, jina la mtoto likapita. Nikasikia viatu vyake uani, nikakirudisha kitambaa kwa pupa hivi kwamba tausi alisimama kichwa chini.

Shemeji akaweka chai, akaona.

"Umemvua ndege wangu?"

Kaka alikuwa ananitazama. Chumba chenye rangi mpya kilikuwa kinanitazama. Nikasema ukweli, macho chini: "Shemeji, anaikaba. Mashine inapumulia hapo juu."

Akamtazama ndege wake. Nilihesabu dhambi zangu zote. Kisha akaketi kando ya kaka, akaomba wembe, akatoa sindano yake ya kufumia kwenye pochi. "Si ungesema inataka dirisha," alisema. Akakata duara katikati ya kitambaa na kuanza kuufunga ukingo, uzi kwa uzi, huku mimi nikiandika kwenye sanduku lililo uchi, nikisubiri kila dakika lizime. Halikuzima. Kitambaa kiliporudi juu, hewa ilikuwa inatoka katikati, na kadi ilikuwa imefika mwisho.

Kaka aliisoma yote kwenye skrini, midomo ikicheza. Akaguna. "Basi, kaa na sanduku lako."

Duara lile lilikata kichwa cha tausi na shingo yake yote. Wateja wakija kupigiwa chapa huuliza kwa nini ndege hana kichwa. Shemeji akiwepo, hujibu yeye kabla yangu: kichwa kilikwenda Mbale kuuza sukari, kwa niaba ya huyu.