Sharubati ya Aba Kwansima Ilivyopimwa

Jiwe la kwanza lilimpata Aba Kwansima begani, la pili likavunja chupa zake mezani. Hakukimbia. Miaka thelathini alikuwa akikamua mananasi pale sokoni Ekumfi, amezika waume wawili, na hakuna aliyewahi kumwona kisogo.

"Mchawi! Umemlisha mwanangu sumu!" Ebo Takyi alimkamata kilemba akamburuta vumbini. Bintiye alikuwa ametapika siku tatu, na asubuhi hiyo degedege limemkakamaza.

Aba akamng'ata kidole mpaka meno yakagusa mfupa. "Mbwa we! Sharubati hiyo hata mimi nainywa. Kaipimeni! Ikikutwa na sumu, nipigeni mpaka mchoke."

"Kupima ni kwa matajiri, bibi," Ebo akafoka.

"Hujui kitu. Chuoni kule Cape Coast wanapima kwa bei ya kuku mmoja. Kuku natoa mimi."

Wakampeleka kama mwizi, mikono imeshikwa nyuma, Ebo amebeba sharubati na sufuria Aba anamoichemshia. Binti wa maabara, Araba, akadondosha tone juu ya kikaratasi. Sharubati iliyokamuliwa asubuhi, karatasi haikubadilika. Ile iliyochemshwa ikalala sufuriani, karatasi ikawa nyekundu kama kidonda.

"Mama, nanasi halina kosa," Araba akasema. "Ukali wake ndio unailamba sufuria. Hii imetengenezwa kwa betri kuukuu za magari zilizoyeyushwa, ina madini ya risasi. Sumu hiyo. Baba, mtoto apelekwe hospitali leo hii, uwaambie madaktari hivyo hivyo. Na sufuria kaisubu nani?"

Aliyeyeyusha chuma chake na kuisubu karakanani kwake ni Kweku, mwana wa pekee wa Aba, na nusu ya mji ilipikia sufuria zake. Angeweza kusema kainunua njiani. Ebo alikuwa akimtazama mdomoni, damu ya kidole ikimchuruzika.

"Mwanangu," akasema.

Ebo akampigia mkewe simu ampeleke mtoto hospitali, kisha akapitia nyumbani kuchukua panga. Lakini Aba alimtangulia karakanani kwa Kweku. Akanyakua nyundo, akaanza kupasua sufuria moja baada ya moja.

"Mama, una wazimu? Hiki ndicho chakula changu!"

"Chakula chako kinaua watoto wa watu!"

Kweku akamchapa upawa wa chuma usoni. Nyusi ikachanika, damu ikamfumba jicho. Mama akaendelea kuzipasua sufuria kwa jicho moja. Ebo alipoingia na panga lake akakuta mwana anampiga mzazi. Akalitupa panga, akamwangusha Kweku, akamkalia kifuani.

"Nishikie hapohapo nimalize," Aba akahema. Kisha akamgeukia Ebo. "Na sufuria ya kwako? Uji wa mahindi mnaouchachusha, mkeo anaupikia wapi?"

Wanaume waliowafuata walipomshika Kweku, Ebo aliinuka akaenda nyumbani, akarudi na sufuria iliyosubiwa na Kweku kichwani, ukoko wa uji wa mtoto bado umeganda ndani. Akaiweka chini ya nyundo.